Metali inaweza kurekodiwa Tabora bila kumwamsha jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na vijana wa Tabora wanaopiga, au wanaotamani kupiga, muziki wa metali: ule wa magitaa yanayonguruma, ngoma za kasi na uimbaji wa koo. Nasema pia na majirani zao na wenyeviti wa mitaa, kwa sababu ugomvi mwingi kuhusu muziki huu unatokana na dhana moja isiyo sahihi, kwamba hauwezi kufanyiwa mazoezi wala kurekodiwa bila kelele. Ukali wa metali unatengenezwa ndani ya kompyuta na kusikika kwenye rekodi. Chumba unaporekodiwa kinaweza kuwa kimya kiasi kwamba aliyeko sebuleni anasikia nyuzi zikidonolewa tu.

Mji huu haukuanza jana na gitaa la umeme. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids walipiga solo, rithimu na besi hapa wakati vifaa vilikuwa adimu kuliko leo. Na metali yenyewe haikuzaliwa kwenye anasa. Tony Iommi wa Black Sabbath, mtu wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, kisha akazilegeza ili vidole visiumie. Ule uzito tunaousikia leo umeanzia hapo. Karibu zaidi na sisi, kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu ya kwanza mwaka 2020 kupitia kampuni ya rekodi ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala likiwa na watu wawili tu, na ngoma zake ni za kompyuta.

Nianze na ngoma, kwa kuwa ndizo zinazogombanisha watu. Drams halisi ndani ya chumba cha mita tatu kwa nne chenye dari nyepesi na bati juu hupita desibeli 100 kwa urahisi. Kwa kiwango hicho wataalamu wa usalama kazini hawaruhusu sikio lisilokingwa kukaa zaidi ya dakika 15 kwa siku, na jirani hana wajibu wa kuvumilia. Hata ukipuuza jirani, kuzirekodi vizuri kunataka maiki saba au nane na chumba chenye mwangwi mzuri. Mwenye bajeti ndogo asianzie huko. Wapo wanaobandika trei za mayai ukutani wakiamini zinazuia sauti isitoke. Hazizuii. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, lakini besi na teke la ngoma (ile kubwa ya mguu) hupita kana kwamba hakuna kitu, maana kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo, siyo karatasi.

Ngoma ziandikwe kwenye kompyuta. Programu ya kurekodia ya Reaper ina kipindi cha majaribio cha siku 60, leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, na faili lake la kusakinisha ni dogo, halimalizi bando. Ndani yake weka MT Power Drum Kit, seti ya ngoma za kompyuta ambayo ni ya bure. Kosa kubwa hapa ni teke la miguu miwili. Kwenye mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, noti za robo ya pigo ni teke 12 kila sekunde, na kama zote zina nguvu ileile masikio yanasikia cherehani, siyo mtu. Kipimo cha nguvu kinakwenda hadi 127. Yachezeshe mateke kati ya 105 na 120, mguu wa kushoto ukiwa dhaifu kidogo kuliko wa kulia. Kwenye kasi hiyo hata mpigaji hodari hapigi kwa nguvu zote, kwa hiyo kadiri mwendo unavyopanda nguvu ishuke. Kumbuka pia kwamba mpiga ngoma ana mikono miwili. Akigonga sneya na matoazi mawili kwa wakati mmoja umemwongezea mkono wa tatu, na msikilizaji anahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Sasa gitaa, na hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo pesa nyingi inapopotea.

Usinunue gitaa jipya kabla hujanunua nyuzi sahihi. Gitaa la kawaida lina urefu wa uzi wa milimita 648 hivi kutoka kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo) hadi kwenye daraja (zinapoishia nyuzi mwilini). Seti ya 10 hadi 46, yaani namba za unene kwa sehemu za elfu za inchi, inatosha kwa E ya kawaida, ambapo uzi mnene unatoa Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Ukishusha uzi huo hadi D, Hz 73, tafuta 10 hadi 52. Ukishusha gitaa zima hadi uzi mnene ufike C, Hz 65, unahitaji seti inayoishia 54 hadi 60. Kijana akishusha hadi C kwa nyuzi za 46, uzi unalegea kama kamba ya kuanikia nguo: kila ukiudonoa kwa nguvu unapanda juu ya noti yake kisha unashuka, na magitaa mawili yakipigwa hivyo hayakubaliani kamwe. Hakuna plagini, yaani programu ya kuongeza ndani ya Reaper, ya kurekebisha hilo. Atalaumu maiki, atalaumu kompyuta, kumbe ni uzi.

Nyuzi nene zinadai kazi tatu. Mifereji ya nati ipanuliwe kwa tupa nyembamba, la sivyo uzi utanasa na kuruka ukiukaza. Unga wa risasi ya penseli kwenye mfereji unasaidia uteleze. Pili, chuma kilichomo ndani ya shingo kirekebishwe. Bonyeza uzi mnene kwenye freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba. Karibu milimita 0.2 hadi 0.3 inafaa, unene wa kadi nyembamba ya biashara. Ikizidi, kaza robo mzunguko, rudisha nyuzi kwenye sauti zake, subiri, pima tena. Ikiwa uzi umelalia freti, legeza robo. Usizidishe robo kwa mara moja. Mwezi wa nane na wa tisa hapa kwetu hewa inakauka sana na mbao hukauka nayo, hivyo gitaa lililokuwa sawa masika linaweza kuanza kukwaruza kwenye freti. Lipime tena badala ya kuinua nyuzi zote kwa hasira. Tatu, linganisha noti ya freti ya 12 na sauti ya kengele ya hapohapo, ile inayotoka ukiugusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kiti cha uzi kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Baada ya hapo ndipo saundi kadi, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Zile zenye taa za rangi zinazouzwa kwa karaoke na kurusha matangazo ya simu waachie wenye kazi hiyo. Nyingi hazina tundu la gitaa na zinaingiza sauti pamoja na makelele yake. Chukua ndogo ya USB yenye tundu lililoandikwa INST, kama Behringer UMC202HD au Focusrite Scarlett Solo. Zote zinakula umeme wa kompyuta tu. Neno hilo INST, kifupi cha instrument (ala), lina maana kubwa. Pikapu za gitaa, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinahitaji kukutana na ukinzani wa karibu ohmu milioni moja, wakati tundu la laini (LINE) lina elfu kumi au ishirini hivi. Ukichomeka gitaa kwenye laini, sauti za juu zinamezwa na gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Wengi wanaosema kadi yao ni mbovu hawajabonyeza kitufe cha INST.

Weka biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Piga rifu lako (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) kali kuliko yote, kiganja kikiwa kimelala juu ya nyuzi, na urekebishe gaini ya kadi, yaani kiwango cha sauti inayoingia, hadi kilele kifike kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri mara moja, rekodi hiyo imeharibika. Kwenye mpangilio wa kadi weka bafa, yaani fungu la sauti linalosubiri kompyuta, iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi; hizo ni milisekunde 2.7 kuingia na kiasi hicho kutoka, ukiongeza kidogo cha kadi yenyewe, na vidole havihisi kuchelewa. Wakati wa kumiksi panda hadi 1,024 ili kompyuta ipumue. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha. Sauti ya mono ya kiwango hiki inachukua karibu MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye njia kumi hauzidi MB 350. Flashi ya kawaida inabeba nakala ya kazi nzima, na nakala hiyo iwepo kila siku.

Mvumo unaosikika gitaa likiwa kimya una sababu zinazotafutika. Kwanza chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiisha, tatizo ni ethi ya chaja au ya soketi. Rekodi kwa betri, jambo ambalo pia linakuokoa umeme ukikatika katikati ya kipande. Ukibaki, gusa nyuzi. Ukipungua unapogusa, hiyo ni hali ya kawaida ya gitaa lisilokingwa vizuri; geuza mwili wako mbali na skrini na taa za LED hadi upate pembe yenye utulivu. Ukiongezeka unapogusa, waya wa ethi ndani ya gitaa umekatika au umeunganishwa kinyume, na fundi redio yeyote mwenye risasi ya kulehemu ataumaliza. Simu iwe chumba kingine: ule mlio wa tikitiki kabla haijaita unaingia moja kwa moja kwenye pikapu.

Hadi hapa gitaa linasikika kavu na dhaifu. Ndivyo inavyotakiwa. Ukali unaongezwa na programu ya kuigiza amplifaya. Neural Amp Modeler ni ya bure, na Emissary ya Ignite Amps pia. Lakini baada ya amplifaya lazima liwepo faili la kuigiza spika, ambalo programu ya NadIR, ya bure vilevile, hulipakia. Anayesahau spika anapata mlio mkali wa kuchoma masikio, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema programu za bure hazifai. Mbele ya amplifaya weka pedali ya kuigiza Tube Screamer: ukali wake sifuri, nguvu ya kutoka juu, toni katikati. Kazi yake hapo ni kupunguza besi kabla haijafika kwenye amplifaya, na ndiyo maana rifu za kiganja zinabana badala ya kuvimba. Kisha punguza gaini ya amplifaya chini ya unavyotamani. Magitaa mawili yakijumlishwa, ukali unajumlishwa pia, na gaini ikizidi noti za rifu zinagandana zisitofautishwe.

Na magitaa ni mawili kweli. Piga rifu mara moja, lipeleke kushoto kabisa. Lipige upya tangu mwanzo, lipeleke kulia kabisa. Kunakili la kwanza na kulisogeza kidogo hakufanyi kazi. Upana unatokana na tofauti ndogondogo za mkono wa binadamu. Nakala haina tofauti, na ukiisikiliza kwenye simu yenye spika moja baadhi ya masafa yanafutana. Rekodi vipande vifupi vya pau nne au nane, kwa metronomu (kihesabu mapigo), na uziweke nyuzi kwenye sauti zake kabla ya kila kipande. Unapoziweka, udonoe uzi kwa nguvu ileile ya wimbo, siyo kwa upole. Unapopiga solo, funga kipande cha soksi juu ya freti ya kwanza ili nyuzi zisizopigwa zisilie. Kwenye ikwalaiza kata kila kilicho chini ya Hz 80 hadi 100 na juu ya Hz 8,000 hadi 10,000. Vimbe la kiganja hukaa kati ya Hz 100 na 200. Lidhibiti kwa kompresa (programu ya kubana sauti inayozidi) inayogusa eneo hilo peke yake, maana ukilikata kwa ikwalaiza gitaa litakonda hata pale lisipovimba.

Usiruke besi. Uzito unaodhaniwa kuwa wa gitaa kwa kawaida ni wa besi. Igawe njia mbili: chini ya Hz 200 iwe safi na iliyobanwa sawasawa, juu yake iwe na ukali ili isikike katikati ya magitaa. Asiye na gitaa la besi arekodi rifu kwa gitaa la kawaida kisha aishushe oktava moja kwa programu. Kwa demo inakubalika.

Uimbaji ndio pekee unaopita hewani, kwa hiyo ndio unaohitaji adabu. Huku Unyamwezini yowe la usiku ni wito. Sungusungu waliinuka Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1980, na watu hawajaacha kutoka nje na marungu wakisikia mtu anapiga kelele. Rekodi mchana, na mwambie balozi wako na majirani wa pande zote saa na siku. Ni heshima, na inazuia msiba. Tumia maiki ya dainamiki kama Shure SM58 au Behringer XM8500. Maiki ya kondensa inavuta bati, jogoo na pikipiki za barabarani. Simama ngumi moja kutoka kwenye maiki. Blanketi na magodoro yaning'inizwe nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inatazama kule aliko mwimbaji. Mvua ikinyesha juu ya bati acha sauti, rekodi gitaa. Waya hausikii mvua. Kuhusu koo: kunguruma kuzuri hakuhitaji sauti kubwa, kunatoka kwenye pumzi ya tumbo na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na maiki inafanya yaliyobaki. Koo likiuma au likiwasha, simamisha kazi hiyo siku hiyo. Hakuna kukaza hadi lizoee, kwa sababu halizoei, linaumia.

Kwa mazoezi ya pamoja mantiki ni ileile. Kila gitaa lipite kwenye pedali ya efekti yenye kuigiza amplifaya na spika, liingie kwenye mikisa ndogo. Ngoma za wimbo zitoke kwenye simu au laptopu. Maiki iingie pia. Mikisa itoe kwenye kigawanyo cha hedifoni kama Behringer HA400 chenye njia nne, kila mmoja na kitasa chake. Watu wanne wanapiga metali na nje anasikika mwimbaji tu. Mpiga ngoma afanyie mikono mazoezi kwenye kipande cha mpira wa tairi kilichogundishwa juu ya ubao, na pedali zipige mto. Nunueni hedifoni zinazofunika sikio lote. Zile ndogo zisizoziba sikio zinawafanya mpandishe sauti, na mnapoteza kusikia kidogo kidogo bila kujua.

Mkishamiksi, msiamini sabufa ya nyumbani. Inaongeza besi, nanyi mtaipunguza, kisha wimbo utasikika mwembamba kila mahali pengine. Sikilizeni kwenye hedifoni, kwenye simu, kwenye gari la rafiki, halafu ndipo sabufa. Kilele kiishie desibeli -1, na faili la kutunza liwe WAV.

Ombi langu la mwisho ni kwa wafanyabiashara wa vifaa vya muziki wanaosoma gazeti hili. Mkienda Kariakoo kufunga mzigo wa Tabora, leteni seti za 10 hadi 52 na 11 hadi 54, nati za akiba, na jeki imara za milimita 6.35. Uzani wake ni mdogo, na nyuzi zinaisha kwa mpigaji mara kwa mara.

Mpiga gitaa la rithimu,
Isevya, Tabora